Naomba ushauri: mfumo wa mtandaoni wa kutunza kumbukumbu za washarika

Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu. Baraza la wazee la usharika wetu wa Kilutheri limenikabidhi kazi ya kutengeneza mfumo utakaochukua nafasi ya vitabu vikubwa vya kumbukumbu, ambavyo baadhi ya kurasa zake zimeliwa na mchwa na wino wa majina ya waliobatizwa umefifia. Nimeanza kwa lugha ya programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL, na usajili wa msharika, jumuiya yake na namba ya bahasha yake ya ahadi ya sadaka haunisumbui.

Ugumu uko kwenye familia. Mtoto hubatizwa akiwa chini ya wazazi wake, hupata kipaimara, kisha hufunga ndoa na kuanzisha kaya nyingine, pengine katika usharika mwingine anakohamia kwa barua ya utambulisho. Nami sitaki kumbukumbu za ubatizo wake zipotee wala jina lake lihesabiwe mara mbili. Je, kaya iwe na jedwali lake, na kila anayeingia au kutoka aandikiwe tarehe?

Jambo la pili, nalo naliona zito zaidi, ni usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti, na sadaka ya mtu si ya kuonwa na kila kiongozi. Mngegawa vipi ruhusa kati ya mchungaji, mtunza hazina na makatibu wa jumuiya, hasa pale ambapo wote wanatumia kompyuta moja ya ofisini?