Tupeane uzoefu: uliongezaje spidi ya gari lako la rimoti la umeme, na kiliungua nini?

Mdau_wa_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Jana nimepita uwanjani nikakuta vijana wawili wanashindanisha magari ya rimoti, yale makubwa ya skeli 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), moja likapita mbele yangu kama ngedere kafukuzwa shambani, nikasimama pale nusu saa nzima na mkate wa watu nimeushika mkononi. Nimerudi home moja kwa moja stoo, nimelitoa la kwangu. Ni Traxxas Slash ya 2WD, inasukumwa na tairi za nyuma tu, mota ni ya brashi (ile yenye vikaboni vya kupitisha umeme ndani) aina ya Titan, betri ni ileile iliyokuja nayo ya NiMH, yaani ya nikeli, seli 7, volti 8.4. Nimefunga simu juu ya bodi kwa raba bendi, GPS imesoma 37 km/h. Kwangu haitoshi. Humu najua kuna watu wameshaipita hii njia, kila mtu aseme alifanya nini likakimbia na nini kilimkuta. Bei za dukani nitauliza mwenyewe, nyie leteni yaliyowakuta.

Fundi_Sakina
Mkuu umenikumbusha mbali. Anza na pinioni, kile kigia kidogo kwenye shafti ya mota. La kwangu lilikuwa na meno 19 na gia kubwa ya meno 86, yaani mota izunguke mara nne na nusu gia kubwa ndo izunguke mara moja. Nikaweka 23, ikashuka hadi 3.7 hivi, hapo spidi ya mwisho unapata kama asilimia 20 zaidi bila kugusa betri. Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, nilizibana gia mbili zikagusana kabisa nikidhani ndo uimara, gari likalia kama mashine ya kusaga, siku hiyohiyo meno ya gia kubwa yakanyolewa yote. Dawa ni karatasi ya daftari, unakata kipande chembamba unakipitisha katikati ya meno, unasukuma mota mpaka ibane karatasi, unakaza skrubu, unazungusha gia karatasi itoke. Uwazi unaobaki ndo wenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. 23 ilivyonikolea nikapanda 25, Jumapili nikalipeleka uwanja wa shule wenye nyasi za kufika ugoko. Dakika sita tu likaanza kuchoka, nikadhani betri, nikazidi kuvuta triga ya rimoti. Nilipolifuata nikasikia ile harufu, mnaoijua mnaijua. Nikapima kwa kile kipimajoto cha kumulika, nyuzi 112! Mota ya brashi ikifika 80 simamisha, ikizidi hapo mota inaanza kuumia na hata ikipoa inaweza isirudi kama zamani. Kama huna kipimo weka kidole, ukishindwa kuhesabu mpaka tatu umezidisha gia. Pinioni ni ya buku chache, mota nilitafuta miezi miwili.

Kasuku_wa_Kisauni
Hapo kwa nyasi nakuunga mkono mia kwa mia. Nyasi zimenilia mota mbili.

Njoro_wa_Kayole
Wasee mnajichosha na vigia. Spidi ni volti. Mimi niko na brashilesi, mota isiyo na brashi, ya 3300KV, piga hesabu, KV mara volti ndio mizunguko kwa dakika. Kwa 2S, hiyo ni betri ya lithiamu (LiPo) ya seli mbili, volti ni 7.4, unapata 24,420. Ukiweka 3S, seli tatu, ni 11.1, unapata 36,630, na hujashika hata nati moja. Siku ya kwanza nilivuta triga hivi, gari ikainua pua ikajigeuza juu chini kabla niseme kitu. Nikajifunza kuvuta polepole. Saa hii hakuna mtu mtaani ananikaribia.

Fundi_Sakina
Njoro ungesoma kwanza mwenzio ana nini. Kwenye gari kama lake spidi kontrola, kile kiboksi kinachopima umeme wa betri kwenda kwenye mota, ni XL-5 na hiyo mwisho wake 2S. Umwambie aweke 3S halafu kontrola ikiungua utamnunulia wewe?

Njoro_wa_Kayole
Sikusema aweke kwa hiyo. Abadilishe mota na kontrola ziende pamoja.

Fundi_Sakina
Umesema hujashika hata nati, sasa hivi tunabadilisha gari zima. Mtu kauliza njia ya kuongeza spidi unamtuma sokoni.

Njoro_wa_Kayole
Buda, Slash yenyewe kuna ile inatoka na brashilesi ya 3500KV na ukiipa 3S na gia yake inapita maili 60 kwa saa. Hiyo ni karibu kilomita 100. Ongeza meno kwa brashi mpaka kesho, hufiki hapo.

Kinda_la_Moro
Naomba nipenyeze moja kabla hamjagombana. Nilinunua la mtumba kwa jamaa, miezi mitatu nalia kwamba ni kobe, nimebadilisha betri, nimebadilisha tairi, nimepaka grisi. Kuja kumwonyesha mtu akabonyeza kitufe cha XL-5 akakishikilia, taa ikawaka kijani halafu nyekundu, ikaanza kupepesa, ikapepesa mara moja akaachia. Gari likaruka! Kumbe mwenye nalo wa mwanzo aliliweka kwenye ile hali ya mazoezi kwa ajili ya mtoto wake, inakata nguvu nusu. Angalia hilo kwanza mkuu, halilipiwi.

Mdau_wa_Mbagala
Kinda nimeenda kuangalia sasa hivi, langu liko kawaida. Ila asante sana, hiyo nilikuwa siijui kabisa.

Mama_B_Tabata
Naombeni nami niseme, nimeona hayo maneno ya 2S na 3S mikono imeanza kutetemeka. Anko wa mwanangu alimletea gari kutoka Guangzhou, mtoto alikuwa darasa la sita, baba yake anaendesha malori ya Zambia mara nyingi hayupo. Mtoto kila siku mama spidi, mama spidi, wenzangu wananipita. Nikatafuta nikapata betri ya LiPo ya 2S, 5000mAh. Plagi haikuingia kwenye chaja tuliyokuwa nayo, ya zile betri za zamani za NiMH, kijana mmoja wa redio akaikata akaweka plagi inayoingia. Ikaingia, basi mimi nikajua ni sawasawa, kitu kikiingia si kimeingia.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu mchana, ukarudi saa tatu usiku, mtoto akaichomeka haraka kwenye kochi akaenda kuoga. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Singida, amekaa palepale anaangalia taarifa ya habari. Mimi niko jikoni namsikia anasema, "Mama B, mbona hiki kidude kinanenepa?" Nikasema nakuja mama. Dakika hazijafika mbili nikasikia kitu kinafyonya kama presha kuka, na harufu tamu, tamu kabisa kama pipi, moshi mweupe ukajaa sebule. Natoka jikoni naona moto umesimama wima kama mtungi wa gesi uliopasuka. Pazia limeshika. Mama mkwe hakukimbia, alivua kanga akakikamata kile kitu na mkono wake akakitupa mlangoni, mimi nikakisukuma na koleo la mkaa mpaka nje, jirani alikuwa anajenga ana lundo la mchanga, tukafukia. Kikawaka tena chini ya mchanga. Tukafukia tena, kikawaka tena! Kochi limekwisha, dari ni jeusi, na mama kidole chake cha mwisho mpaka leo hakikunji vizuri, alifungwa bendeji wiki tatu.

Mwanangu sasa yuko kidato cha kwanza. Tangu siku ile gari liko uvunguni hajaligusa, na najua analipenda maana akipita uwanjani anageuza shingo. Nataka aliendeshe tena. Ndo maana nimeingia humu.

Kasuku_wa_Kisauni
Dada pole sana. Huyo mama mkwe ni simba.

Chuma_cha_Ubungo
Pole sana mama. Mngemwagia maji mengi ingezima mapema.

Kasuku_wa_Kisauni
Maji kwenye lithiamu? Wewe unataka kuwaua. Mchanga ndo sahihi.

Chuma_cha_Ubungo
Mchanga unaziba moto usisambae lakini haupoozi, ndo maana iliwaka mara tatu, seli moja inaichoma ya pili. Maji mengi yanapooza. Kikombe kimoja ndo hakina maana.

Kasuku_wa_Kisauni
Na chaja ikiwa bado iko kwenye soketi unamwaga hayo maji yako mengi sebuleni?

Chuma_cha_Ubungo
Unachomoa kwanza.

Fundi_Sakina
Wote mna haki yenu, ila dada anahitaji kujua kwa nini ilitokea. Chaja ya NiMH inajua betri imejaa pale volti zinapoanguka kidogo mwishoni. LiPo volti zake hazianguki hivyo, kwahiyo chaja ikasubiri alama ambayo haiji, ikaendelea kusukuma. LiPo seli moja mwisho ni volti 4.2, ya 2S ni 8.4 basi. Inatakiwa chaja ya balansi, ile inayosawazisha volti za seli, unachomeka na ule waya mweupe mdogo, unachagua LiPo, unachagua 2S, na ampea usizidi uwezo wake, ya 5000mAh ni ampea 5. Chaji nje juu ya tofali au sakafu ya saruji, na wewe uko hapo. Ikivimba hata kidogo ndo mwisho wake, hairekebishiki.

Kinda_la_Moro
Mimi nachajia ndani ya chungu cha udongo, barazani.

Mdau_wa_Mbagala
Dada Mama B pole mno, nimesoma mara mbili. Wakuu tusiache kumsaidia, ila na spidi tuendelee, maana swali lake na langu sasa ni moja.

Salum_Maskati
Assalaam aleikum. Mie niko Oman huku mwaka wa tisa, Ijumaa twaenda na vijana kwenye mchanga wa Bidiya. Nakwambieni kitu ambacho hamtakiamini, huku nilipunguza meno ya pinioni ndo gari likaenda mbio zaidi. Mchanga unalishika, mota yataka kuzunguka haiwezi, yatokota tu na spidi haiji. Nikashusha meno matatu na nikatia tairi za nyuma zenye makasia, likawa laruka juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwahivyo Fundi na Njoro nyote mwasema kweli ya lami. Bwana wa Mbagala mwenyewe aliendesha wapi? Hakusema.

Mdau_wa_Mbagala
Lami mkuu, barabara mpya ya mtaani, Jumapili asubuhi.

Salum_Maskati
Basi hapo panda meno. Na lami tairi kubwa laini zavimba spidi ikizidi, zinakuwa nyembamba kama sahani, gari layumba. Mie nabandika teipu ya kitambaa kwa ndani, mzunguko mzima.

Mzalendo_Halisi
Watu wazima na ndevu zenu mnacheza magari ya watoto. Ada mmelipa?

Mama_B_Tabata
Kaka, ada nimelipa. Mwanangu hesabu za uwiano zilikuwa zinamshinda mpaka anko wake alipomhesabisha meno ya gia za hilo gari. Usilolijua uliza.

Njoro_wa_Kayole
Mwambie dada. Na wewe Mzalendo, 2014 huko Utah Marekani, Nic Case alipeleka gari ya rimoti ya betri 325 km/h. Hiyo si mchezo wa mtoto. Halafu Fundi, nimekubali, kwa XL-5 aende na 2S.

Fundi_Sakina
Yameisha kaka. Siku nikipata mota ya brashilesi nitakutafuta wewe.

Mdau_wa_Mbagala
Mrejesho wakuu. Nimepata LiPo ya 2S yenye kasha gumu na chaja ya balansi. Kwa makaratasi volti zimeshuka, 7.4 badala ya 8.4, ila gari limetoka 37 hadi 42, maana NiMH ukivuta triga volti zinazama na hii inashikilia. Nimeweka kontrola kwenye taa ya kijani, ikate yenyewe betri ikishuka sana. Halafu pinioni, sikurukia 23, nimeweka 21. GPS imesoma 46! Dakika nane za lami mota 68. Wiki ijayo 23, na kipimo mkononi.

Mama_B_Tabata
Hongera kaka. Hiyo taa ya kijani iko kwenye gari au kwenye chaja? Mtoto yuko hapa pembeni, ndo anauliza.

Mdau_wa_Mbagala
Kwenye gari dada, juu ya kontrola, palepale penye kitufe. Ikiwaka nyekundu ulinzi wa betri umezimwa, hapo asiweke LiPo. Mwambie alitoe uvunguni alipige picha hapo kwenye kitufe, tuone ni kontrola gani.