Kalori za mazoezi: mwazila tena, mwala nusu, ama mwaziwacha?

Nuru_Tudor
Hamjambo jamani. Niko kilo 80, urefu sentimita 165, nataka kushuka pole pole bila kujiua njaa. Programu ya simu nimeiambia kazi yangu ni ya kukaa (kweli, kutwa niko kitini mbele ya kompyuta) ikanipa kalori 1,400 kwa siku. Jioni natembea Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, saa nzima hivi, mwendo wa kukaza, nikirudi nyumbani saa ya mkononi yasema nimechoma 380 na programu nayo yaziongeza hapo hapo, ati sasa naweza kula 1,780. Dada yangu asema nikizila natembea bure. Kocha wa jimu asema nisipozila nitaishiwa nguvu. Nyinyi mwafanyaje?

Sele_Kizingo
Ziwache dada. Mimi sizili hata moja na nashuka. Lakini situmii hesabu hiyo yako, mimi nachukua zile kalori mwili watumia ukiwa umelala tu halafu nazidisha kulingana na vile najisogeza wiki nzima: 1.2 mtu wa kukaa, 1.375 mazoezi mepesi, 1.55 ya kati. Mazoezi yashaingia humo, ukila tena wahesabu mara mbili. Nambari ni moja kila siku, sitaki ifike jioni naanza kuvutana na simu kwa sababu ya chapati.

FatmaHesabu
Sele wewe wazila na hujijui 😂 umezila hata kabla hujavaa raba. Hebu tuseme Nuru ana miaka 30. Kwa fomula ya Mifflin-St Jeor ya 1990 mwili wake wataka kama 1,520 akiwa kalala. Zidisha 1.375 yatoka 2,090, toa 500 za kupungua, yabaki 1,590. Haya rudi kwa njia yake: 1,400 za mtu wa kukaa, jumlisha matembezi. Kilomita 5 kwa saa kwa mtu wa kilo 80 ni kama 280, na hapo 80 hivi angezichoma hata amekaa barazani anapiga umbea, kwa hivo matembezi yenyewe ni 200 tu. 1,400 na 200 ni 1,600. Si mumefika pale pale? Kinachowagombanisha ni ile 380 ya saa ya mkononi.

Baharia_Likoni
Hizo saa msiziamini sana. Chuo cha Stanford mwaka 2017 walizipima aina saba, mapigo ya moyo karibu zote zilisoma vizuri, lakini kalori hata ile bora ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na mbovu kabisa asilimia 93. Na sisi hapa na joto hili la kaskazi, na unyevu, moyo waenda mbio hata ukitembea taratibu, na saa nyingi zategemea mapigo kukisia kalori, basi nayo yadhani wapanda mlima. Ah na ukijipima baada ya mazoezi ukaona umepungua kilo, hayo ni maji yametoka kwa jasho, kunywa yatarudi.

Mkimbiaji_Nyali
Wote mwazungumzia matembezi. Mimi niko kilo 70, Jumapili nakimbia kilomita 15, hiyo ni kama kalori 1,000, na kwa kukimbia hesabu haipotei sana: kalori moja kwa kilo kwa kilomita. Nikiziwacha zote nitabaki na nini? Kizunguzungu, usingizi mbovu, na saa tatu usiku utanikuta kwa viazi karai nala kama nimefungua saumu. Akina dada wakijibana sana hata hedhi huvurugika. Siku ndefu kula, siku ya kutembea Mama Ngina wala usijisumbue.

Mpishi_Bamburi
Naongeza upande wa sahani maana huko ndiko kwenye kosa kubwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi. Wali wa nazi wa kula watu wanne kwa sinia moja wewe utapima vipi, tui zito limeingia kiasi gani wajua mpishi peke yake. Mimi ndio maana nala nusu, ile nusu nyengine nawachia mahamri nilosahau kuandika.

Baharia_Likoni
Na kuna hii. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaowinda na kuchimba mizizi, wanasayansi walipima 2012 wakakuta kwa siku watumia kalori sawa na watu wa Marekani na Ulaya ukizingatia ukubwa wa mwili, na wale watembea mno. Yaani mwili ukichoka kwa mazoezi wabana matumizi kwengine, kwa hivo hata zile 200 huenda usizipate zote.

Sele_Kizingo
Sindio nilisema ziwache 😎

FatmaHesabu
Wewe na 1.375 yako nyamaza. Nuru, wenye sukari na wako kwa insulini hesabu hizi wapeleke kwa daktari wao kwanza. Wewe kula nusu, jipime asubuhi kabla ya chai, angalia wastani wa wiki tatu nne. Ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki na wajihisi mnyonge ongeza chakula, kilo zikisimama punguza.

Nuru_Tudor
Haya, nusu basi. Swali la mwisho, muhogo wa kuchoma pale Lighthouse?

Mpishi_Bamburi
Waandikwa. Hauna mafuta lakini waandikwa.