MREJESHO: Kipima uwezo cha betri za 18650 kilichokuwa kinasoma chini

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kwa nini kipimaji changu cha Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangwa kwa programu) kinaipa seli ya 18650 (betri ya lithiamu ya umbo la silinda) ya 2500 mAh (kipimo cha chaji inayohifadhi) 2100 tu, na mosfeti (swichi ya kielektroniki inayowasha mzigo) inachemka.

Joto limeisha: mosfeti ya awali, IRFZ44N, haifunguki kikamilifu kwa volti 5 za geti (pini inayoiwasha), IRLZ44N niliyoweka badala yake inafunguka. Mzigo unaomaliza chaji ya seli ni uleule, rezista ya omu 4, wati 10, takriban ampea 1.

Kilichorekebisha usomaji hasa ni nyaya nne: mbili nene za mkondo, mbili nyembamba za kupima volti kwenye ncha za seli zenyewe. Awali volti zilipotea njiani, jaribio likakatika kabla seli haijafika 3.0 V halisi, kikomo cha kulisimamisha. Sasa napata 2430 mAh.

Usomaji wa ukinzani wa ndani ya seli (jinsi inavyouzuia mkondo wake yenyewe) bado unayumba kila nikiitoa seli na kuirudisha. Nashuku springi za kishikio. Namba hiyo msiitegemee kwanza.