Naomba ushauri: kuvu ni ileile, mbona shamba langu lina sumukuvu na la jirani halina?

Wakuu, habari za jioni. Nalima mahindi Kongwa. Mnunuzi kapima mzigo wangu, kaukataa: sumukuvu imepita kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo. Mzigo wa jirani yangu umekubaliwa, na mbegu tumenunua duka moja.

Nimesoma kidogo. Kuvu hao, Aspergillus flavus, si wote wenye sumu. Wapo waliopoteza jeni za kuitengeneza, na wapo wakali sana, kama wale waliohusishwa na vifo 125 Kenya mwaka 2004. Lakini hata yule mkali anahitaji mazingira: joto, ukame mahindi yakiwa yanajaza punje, wadudu waliotoboa gunzi, halafu unyevu stoo. Nilichelewa kupanda, hivyo mvua ilikata kabla mahindi yangu hayajakomaa, na magunzi ya pembezoni yalikuwa na matundu ya viwavi, unga wa kijani-njano umekaa humo humo. Mengine yanang'aa tu, na nasikia hayo nayo yanaweza kuwa na sumu.

Sasa msimu ujao nafikiria Aflasafe, zile punje za mtama zenye kuvu wasio na sumu wa kuwabana wale wenye sumu, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla ya kuchanua. Aliyetumia ardhi kavu kama ya huku, zilishika kweli? Mvua ikigoma baada ya kumwaga inakuwaje? Au hela hiyo niipeleke kwenye turubai na kipima unyevu kwanza?

Na huu mzigo uliokataliwa nifanyeje? Msiniambie niwape kuku, tafadhali.