Buibui wa Rondo: COI (jeni moja ya mitokondria) peke yake au jenomu nzima ya mitokondria?

Utando_Lindi: Shikamooni wakubwa. Nina buibui 40 hivi wa msitu wa Rondo, warukaji na wale wanene wa mashimoni. Wako kwenye spiriti ya 70%, stoo ya bati hapa Lindi mjini. Nataka kupanga nasaba yao kwa jenomu ya mitokondria, yaani DNA yote ya vinu vya nishati vya seli. Nianzie wapi?

Mkorosho: Marahaba. Anza kwa kuwatoa stoo leo hii. Spiriti ya 70% hutunza umbo. DNA inakatikakatika kwa maji yaliyomo na joto la bati. Hamishia kwenye ethanoli ya 95% au zaidi, ujazo mara kumi ya buibui, ibadilishe kesho yake, kisha friza. Chomoa mguu wa tatu wa upande mmoja. Kwa wadogo miguu miwili. Vipapasio vya dume na sehemu ya uzazi ya jike usiguse, spishi inatambuliwa hapo. Tumbo nalo liache, utakuja kusoma DNA ya kitoweo alichokula.

Kodoni5: COI, besi 658, inatosha kutenganisha spishi nyingi. Jenomu nzima, besi 14,000 na ushee, lipia kwa wachache wa kila jenasi. Omba usomaji wa vipande vifupi: DNA iliyochakaa inavumilia, na mitokondria ina nakala nyingi kwenye seli.

Penye mtego ni kutambua jeni. Zipo 37, ila tRNA (jeni za molekuli zinazobeba asidi amino) za buibui ni vilema, nyingi hazina mkono wa T, sehemu moja ya umbo lao. Programu ya tRNAscan-SE inaziruka, nawe unadhani zimepotea. Tumia programu ya MITOS, jedwali la msimbo namba 5 (la mitokondria ya wasio na uti wa mgongo). Ukiacha namba 1 (msimbo wa kawaida), TGA inasomwa kama kituo, alama ya mwisho wa jeni, na COI inakatika katikati. Ukiona vituo hata kwa namba 5, shuku nakala ya jeni iliyohamia kwenye kiini cha seli. Jeni kuishia na T tupu badala ya kituo kamili TAA si kosa. A huongezwa baadaye kwenye mRNA, nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini.

Utando_Lindi: Warukaji na wa mashimoni niwaweke mti mmoja?

Kodoni5: Hapana. Wameachana zamani mno, nafasi ya tatu ya kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) imeshabadilika na kubadilika tena, matawi yatakudanganya. Tengeneza miti miwili. Na hata hapo ni ukoo wa upande wa mama tu, maana mitokondria hurithiwa kwa mama. Wolbachia, bakteria wa ndani ya seli anayerithiwa kwa mama, akiwemo, spishi mbili zinaweza kuonekana moja.

Utando_Lindi: Ahsanteni. Spiriti yenyewe ni ile ya zambarau.

Mkorosho: Lo! Hiyo imechanganywa kemikali nyingine, DNA huenda imeharibika. Basi usitume wote 40. Toa DNA ya watatu, pitisha kwenye jeli. Ukiona mstari juu, DNA bado ni ndefu, endelea. Ukiona ukungu mtupu chini, imekatikakatika, bora kukusanya upya.