Wakuu naombeni ushauri: mpwa wangu amebadilika, Jumamosi nampeleka Ukara

Bwana Buhongwa
Wakuu habari za jioni. Mimi huwa nasoma tu humu ndani, leo yamenifika.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Geita. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne hapa Mwanza, mtihani Novemba. Ni dogo mtulivu, hesabu anaziweza, na likizo huwa ananisaidia shughuli zangu za uvuvi pale mwaloni, mitumbwi inapoegesha. Sasa mwezi na nusu huu amekuwa mtu mwingine. Shule anakwenda siku 2 kati ya 5. Chakula anakichokonoa tu. Ukimwita anaitika mara ya tatu, kama mtu aliye ng'ambo. Usiku halali, na akilala anajivika vitu vya ajabu, joto lote hili. Mke wangu anasema ni mashetani, na mama mkwe ndiyo kamwagia petroli.

Kulikuwa na msiba wa rafiki yake, lakini matanga tulishaanua.

Nimeamua nimpeleke kwa babu yake kisiwani Ukara akatulie. Jumamosi anapanda meli ya Nansio, Ukerewe, halafu anaunganisha. Swali langu ni moja: muda huu mwanafunzi anaweza kuhamishiwa kituo kingine cha mtihani? Mwenye uelewa anisaidie. Nauli nimeshalipa.

Sangara Mkavu
Nimewahi siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

Mtumishi Igoma
Kidato cha nne asiyelala usiku? Simu hiyo. Wa kwangu nilimfuma saa 9 usiku anabeti mechi ya wanawake ya Brazili, akiulizwa Brazili iko bara gani hajui. Nilimnyang'anya simu, wiki moja tu akawa analala kama gogo. Vijana wa leo tunawabembeleza sana. Sisi tulifiwa na nani hatukufiwa? Asubuhi jembe begani.

Mama Pasiansi
Pole sana kaka yangu. Usikubali maneno ya mashetani haraka, lakini pia usiyapuuze. Binti yangu wa pili alipitia hivyohivyo 2019, akawa anakaa bafuni saa nzima na maji yanamwagika, bili ikaja nikatamani kulia. Kumbe alikuwa na jambo la mwalimu mmoja. Nilimpata kwa kupika naye. Unamweka mtoto jikoni, mnachambua dagaa, humtazami usoni, maneno yanatoka yenyewe. Sasa hivi yuko chuo, anachukua uhasibu, na mchumba ameshajitokeza, kijana wa Tarime, nilikuwa na wasiwasi nao hao lakini huyu mpole. Mungu ni mwema.

Mwalimu wa Zamu
Usajili ulishafungwa zamani mkuu. Nenda kaongee na mkuu wa shule, na usiende kama unaomba uhamisho, nenda kama unaomba msaada. Lakini kwanza sijaelewa, mtoto wa kidato cha nne unampeleka kisiwani miezi 2 kabla ya mtihani kufanya nini?

Nesi Mstaafu
Mleta mada, habari ya usajili weka pembeni. Nijibu mawili. Huyo rafiki alikufaje, na mpwa wako alikuwa wapi? Na hivyo "vitu vya ajabu" anavyojivika usiku ni vitu gani?

Bwana Buhongwa
Mwalimu ahsante. Kisiwani ni kwa babu yake, hewa safi, hakuna makelele. Babu keshasafisha chumba.

Nesi, rafiki yake alikufa maji. Ziwa ni ziwa, kila mwaka linachukua watu, ndugu zetu wa huku mnalijua. Mpwa wangu alikuwepo, akaokolewa na watu wa kambi ya wavuvi. Ni mambo ya Mungu.

Nesi Mstaafu
Swali la pili hujajibu.

Sangara Mkavu
Mtoto kanusurika ziwani, na dawa yake ni kupandishwa meli kupelekwa katikati ya ziwa. Mkuu, ukiumwa jino huwa unang'oa lipi?

Bwana Buhongwa
Wewe kejeli zako peleka jukwaa la vichekesho. Mtu akianguka baiskeli si anapandishwa tena?

Kisorya Kwetu
Na wala asidhani atakwepa maji kwa kuzungukia Bunda. Kwa gari ukifika Kisorya unakuta kivuko cha kwenda Rugezi. Halafu kutoka Bugolora hadi Ukara kivuko kingine. Na Ukara penyewe watu hawajasahau Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilizama kikiwa karibu kabisa na gati, wakafa watu 228. Huyo dogo atafikia kwenye kijiji ambacho kila nyumba ya tatu ina hadithi ya maji. Mnamtuliza au mnamchanja?

Mjukuu wa Bwiru
Sikutaka kuandika, ngoja niandike. Mei 21, 1996 nilikuwa darasa la 4, tunakaa Bwiru. Asubuhi ile watu wazima walikuwa wanakimbilia ufukweni, na sisi watoto tukapanda juu ya mawe. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imegeuka, tumbo liko juu. Kaka yangu mkubwa alikuwa ndani, alikuwa anatoka Bukoba na mkungu wa ndizi aliotumwa na bibi. Niliutazama ule mgongo wa meli mpaka ulipozama.

Nyumbani baba alikuwa akienda Igoma kwenye yale makaburi ya watu wa meli kila Jumapili, mama akawa hataki kusikia neno meli. Mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Walidhani mtoto hajui. Nilikuwa nahesabu. Kila nikilala nahesabu pumzi zangu, nikifika 200 naanza upya. Nimehesabu mpaka nina miaka 27, nimeoa, mke wangu ndiye wa kwanza kuniuliza, unahesabu nini usiku?

Mleta mada, mjibu Nesi.

Bwana Buhongwa
Pole sana Mjukuu wa Bwiru.

Sawa. Anajivika boya. Lile jaketi okozi la rangi ya chungwa. Mtoto anafunga kamba zote tatu mpaka shingoni ndiyo anapanda kitandani. Nikimvua anatetemeka. Majaketi yapo mengine mawili stoo, hayo hayagusi, anavaa lilelile moja. Ndiyo maana mke wangu anasema siyo bure.

Mama Pasiansi
Jamani jamani.

Mtumishi Igoma
Nafuta habari ya simu. Ila maombi muhimu.

Mchoma Karabai
Mimi ni mtu wa Igombe, dagaa nimevua miaka 14. Naomba kuuliza. Siku ya ajali ilikuwaje? Walikuwa kazi gani?

Bwana Buhongwa
Walikuwa dagaa usiku kama kawaida. Mwezi ulikuwa mweupe peee, upepo ukawakuta, mtumbwi ukajaa maji.

Mchoma Karabai
HAHAHA. Wakuu, mmeliwa. Dagaa kwenye mbalamwezi? Dagaa anafuata taa, na taa inafanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mweupe mwaloni mzima watu wanashona nyavu, wanalewa na kusuluhishana na wake zao. Hata mtoto wa darasa la 2 Kayenze anajua. Huyu jamaa hajawahi kukanyaga mwaloni, kasoma mahali katunga. Chai hii, tena haina hata tangawizi.

Sangara Mkavu
Nikasema mimi. Jina limeanza kuandika jana, leo tayari ana mpwa, boya na mama mkwe. Nirudishieni hela ya karanga.

Kijana wa Igogo
Na lile boya linalovaliwa kitandani, hiyo ni tamthilia kabisa. Wasimamizi hamishieni uzi kule kwenye hadithi.

Mwalimu wa Zamu
Tuliache jukwaa wazi. Mara nyingi mtu akidanganya kipande kimoja siyo kwamba kadanganya vyote. Mkuu, mbalamwezi vijana walikuwa majini kufanya nini?

Mchoma Karabai
Hawezi kujibu. Kashazima data.

Bwana Buhongwa (saa 7:40 usiku)
Sijazima data. Nilikuwa nje.

Hawakwenda kuvua. Niliwatuma mimi. Siku za giza, za kuvua dagaa, zilikuwa zinakaribia, nikataka kambi yangu iwe tayari kabla ya wenzangu, nikawapa mtumbwi wangu wapeleke betri za taa na madumu ya petroli. Vijana wa kazi walikataa, walisema upepo wa usiku ule si wa kuchezea. Nikaona uvivu. Mpwa wangu alikuwa likizo, akamchukua rafiki yake, mtoto wa jirani yangu nyumba ya pili, nikamwahidi elfu 5. Majaketi matatu yalikuwa stoo. Huwa nayatoa watu wa ukaguzi wakija, yakikaa juani yanapauka.

Mtumbwi ulipopinduka walishika dumu moja, lile lililokuwa tupu. Mpwa wangu amesema sentensi moja tu tangu siku ile: "Dumu lilikuwa moja."

Sasa kuleni chai.

Mchoma Karabai
Mkuu. Nimenyamaza.

Nesi Mstaafu
Pole. Umeandika jambo zito, na nadhani halijaisha. Baba wa yule kijana aliambiwa nini?

Bwana Buhongwa
Aliambiwa vijana walichukua mtumbwi wenyewe bila ruhusa, wakitaka kwenda kutembea.

Nesi Mstaafu
Na nani alimwambia?

Bwana Buhongwa
Mpwa wangu. Msibani. Nilimwelekeza nini cha kusema.

Msinihukumu. Nina watoto wanne, na ule mtumbwi una mkopo. Ningefungwa nani angelisha hao? Marehemu asingerudi. Nilifikiri atasahau, ni mtoto. Sasa baba mtu kila akimwona njiani anamshika bega anamwambia, wewe ndiye mwanangu uliyebaki. Dogo akirudi anatapika. Ndiyo maana nikasema aende Ukara. Siyo kumficha. Ni kumpunguzia.

Mama Pasiansi
Kaka, unampunguzia yeye au unajipunguzia wewe?

Kijana wa Igogo
Huyu akamatwe. Umemtwika mtoto maiti na uongo juu yake.

Mtumishi Igoma
Msimchape sana, nani humu hajawahi kutuma mtoto mahali hatari? Mimi wa kwangu nilimpa pikipiki akiwa na miaka 13. Ila ndugu, yule mzee lazima aujue ukweli. Chukua wazee wawili na mwenyekiti wa mtaa, usiende peke yako.

Kijana wa Igogo
Na hospitali msiende kienyeji. Dogo akitamka anataka kufa, kisheria ni kesi.

Nesi Mstaafu
Hapana, hili ngoja nilinyooshe maana linaua watu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa aliyejaribu kujiua. Kuwaza kufa na kumwambia daktari si kosa, ni ugonjwa unaotibiwa. Nimekaa wodini miaka 31, waliokuja mapema nimewaona wakirudi kunisalimia.

Mleta mada, sikiliza. Ya mzee jirani yana siku yake, na utayafanya wewe, siyo mtoto. Usiku huu usimwache peke yake. Dawa za aina yoyote na sumu za wadudu toa ndani, funga kwa jirani. Halafu kaa naye, umwulize kwa maneno haya haya: "Unafikiria kufa?" Usizunguke. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo. Hupandikizi, unamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimhubirie, usimwambie wenzako wana shida kubwa zaidi. Mwambie umesikia, na kwamba mnakwenda pamoja. Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya Sekou Toure wanaweza kumpokea na kumwelekeza. Mkikwama usiku kupata mtu wa kuongea naye, namba 116 ni ya watoto, ni bure, na kisheria mwenye miaka 17 bado mtoto.

Na kabla ya yote mwambie lile neno ambalo hajalisikia kwako.

Bwana Buhongwa
Neno gani?

Mjukuu wa Bwiru
Kwamba ulimtuma wewe.

Sangara Mkavu
Mkuu, mimi ni mtu wa utani tu lakini nina mashua mbili Kirumba. Leo nimeyatoa majaketi yangu stoo. Yapauke.

Kisorya Kwetu
Na meli ya Jumamosi?

Mwalimu wa Zamu
Mkuu wa shule nimesema aongee naye. Kama hatafanya mwaka huu, mwakani atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani upo kila mwaka.

Bwana Buhongwa (Ijumaa, saa 5 usiku)
Wakuu, sijapotea.

Begi la safari nimelifungua. Nilimwambia dogo, ni mimi niliyekutuma, na yale maneno ya msibani yalikuwa yangu. Hakujibu. Aliendelea kutazama ukuta. Basi nikamwuliza lile swali, kama Nesi alivyoandika, sikuongeza kitu. Tulikaa sijui dakika ngapi, jogoo wa jirani aliwika mara mbili, huyu jogoo hana saa. Akasema ndiyo. Akasema siku ya pili ya msiba, na juzi.

Dawa na sumu vimetoka. Nimetandika mkeka chumbani kwake, nalala mimi hapo. Amekula viazi viwili na chai, hiyo ya kweli Mchoma Karabai.

Kwa mzee nimekwenda leo jioni, nimefika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anacheka na wajukuu. Nikarudi. Msinitukane kwa hilo, nitakwenda.

Asubuhi tunakwenda Bugando. Mke wangu anauliza, boya tulifiche? Asije akatoka nalo barabarani watu wakamcheka.

Nesi Mstaafu
Saa 2 nitakuwa getini, nimevaa kitenge cha bluu. Akitaka kuja nalo, mwacheni aje nalo.