Tupeane uzoefu: mnaoendesha klabu ya vitabu ya wasichana, kazi za mikono na vitafunwa mnavipangaje?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa pili na klabu ya vitabu ya wasichana. Wako tisa, wa miaka 9 hadi 12, tunakutana Jumamosi kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa saa moja na nusu. Naanza na yangu, halafu kila mwenye uzoefu amwage ya kwake, yaliyofana na yaliyokwama.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kimya tupu. Nilikuwa nafika na maswali kumi niliyoyaandaa: mhusika mkuu ni nani, umejifunza nini. Mmoja anajibu kwa sauti ya darasani, wengine wanasubiri vitafunwa. Nilikuwa narudi nyumbani moyo umevunjika, maana kitabu chenyewe nakipenda na niliona kabisa hakijawafikia.

Kilichogeuza mambo ni kitabu kilichochanika. Nakala moja ilirudi kurasa mbili zimepasuka katikati na gamba linaning'inia. Nikaweka maswali pembeni, nikawaambia leo tuna mgonjwa wa kumtibu. Nilikuwa nimepika gundi ya unga wa ngano na maji, nikaacha ipoe, nikakata vipande vya karatasi nyeupe laini, ile nyepesi inayokaribia kuonyesha upande wa pili. (Ule utepe wa plastiki unaonata siupendi kwenye vitabu, ukikaa unageuka njano na kuacha utando.) Wawili wakashika ukurasa, mmoja akapaka gundi kwa brashi, wengine wote wameinama juu ya meza. Kipande kikalazwa juu ya mpasuko, karatasi ya kuokea ikawekwa juu na chini ili kurasa zisigandane, kisha vitabu vizito juu yake hadi kesho yake.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo, aliyeshika kona ya ukurasa akausoma mstari uliokuwa mbele ya macho yake, akasema, "Ningekuwa mimi, mama yake nisingemsamehe." Mwenzake akamjibu bila kuinua kichwa. Walibishana dakika ishirini na sikuuliza swali hata moja.

Tangu siku ile kazi ya mikono naiweka katikati ya mazungumzo, siyo mwisho kama zawadi ya kutulia. Naamini inasaidia kwa sababu mtoto anaongea akiwa anatazama kazi yake, hakuna anayemkazia macho. Nyie wenzangu mnafanyaje? Kazi zipi zimefaa? Vitafunwa mnatoa saa ngapi?

Mama Pacha

Asante dada kwa kuleta mada hii. Mimi nitaongelea vitafunwa kwa sababu ndipo nilipopata somo gumu.

Nilikuwa natoa chakula mwanzoni, nikiona watoto wametoka mbali na wana njaa. Matokeo yake kurasa za vitabu zilijaa alama za vidole vya mafuta, na makombo yakaingia mpaka kwenye uti wa kitabu. Hilo lilikuwa dogo. Siku moja nilileta bakuli la karanga. Mtoto mmoja hakula hata moja, mama yake alishamkataza, na mwenyewe anajua ana mzio. Lakini wenzake walikula, wakashika penseli za rangi, naye akazishika baada yao, kisha akajifuta mdomo. Baada ya muda mfupi midomo ilianza kuvimba na shingo ikatoka vipele. Tulimkimbiza hospitali akatibiwa, yuko salama. Ila ule mwendo wa garini nikiwa nimemshika mkono sitausahau.

Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Uliwahi kuniuliza?" Sikuwahi.

Sasa kabla mtoto hajakaa kwenye mkeka wangu mzazi anajaza karatasi: chakula gani hakimpatani, dalili zake zikoje, ana dawa au sindano ya dharura, inakaa wapi, nani apigiwe. Karanga haziingii kabisa. Vya pakiti nasoma maandishi ya viungo kila ninaponunua, hata kama ni aina ile ile, kwa sababu watengenezaji hubadilisha. Natoa matunda yaliyokatwa, bisi na maji. Tunakula mwisho, vitabu vikiwa vimeshafungwa na kuondolewa mezani, na mikono inanawiwa kwa sabuni kabla na baada. Kwa anayefika na njaa namwekea ndizi pembeni, anakula kabla hatujaanza, bila kutangazwa.

Mpenda Karatasi

Mimi nawaletea kazi moja ambayo haijawahi kuniangusha, kijitabu cha karatasi moja. Hakihitaji gundi wala uzi.

Chukua karatasi ya A4. Ikunje kwa urefu wake, kingo mbili ndefu zikutane, ifungue. Ikunje kwa upana, kingo mbili fupi zikutane, kisha ikunje tena kwa mwelekeo huo huo. Ukiifungua una vyumba vinane. Sasa ikunje mara moja kwa upana, shika upande wa mkunjo, kata kwa mkasi kufuata mstari wa katikati mpaka unapokutana na mkunjo unaokatiza. Usipitilize. Fungua, kunja kwa urefu, halafu shika ncha mbili na uzisukume zikutane. Ule mkato wa katikati unaachama kama mdomo. Lainisha mikunjo na una kijitabu cha kurasa nane, kila ukurasa kama sentimita 7 na nusu kwa 10 na nusu.

Wasichana wangu wanaandika humo sura ambayo mwandishi hakuiandika. Siku iliyofuata baada ya hadithi kuisha, yule mhusika mbaya alienda wapi? Kurasa nane hazimtishi mtoto. Daftari tupu linamtisha.

Ushauri mmoja: usikimbilie kumkatia. Nusu ya kundi watakata upande usio na mkunjo na karatasi itachanika kwenye ncha zake mbili badala ya katikati. Uwe na karatasi za ziada, waanze upya. Aliyekosea mara ya kwanza ndiye huwa anamfundisha mgeni wiki inayofuata.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma yote kwa furaha, ila naomba niweke tahadhari. Kwangu kazi za mikono ziliwahi kumeza kitabu. Tulitengeneza vikaragosi vya soksi mikutano minne mfululizo, vitufe vya macho, nywele za nyuzi, kila kitu. Mkutano wa tano nikagundua ni wasichana watatu tu kati ya kumi na wawili waliopita sura ya pili. Wazazi walifurahi sana kuona vikaragosi. Mimi nilijua tumepotea.

Kanuni niliyojiwekea baada ya hapo ni kwamba kazi itoke ndani ya kitabu na imrudishe mtoto kitabuni. Alamisho lenye maua halimrudishi popote, hata kama ni zuri. Ramani inamrudisha. Nilitandika karatasi kubwa ya manila nikawaambia wachore kijiji cha hadithi: nyumba ya mhusika, kisima, njia ya shule, mti alipojificha. Wawili wakagombana kuhusu kisima. Mmoja kakiweka karibu na nyumba, mwingine ng'ambo ya kilima. Nikawaambia mwenye ushahidi alete. Walipekua kurasa kama mawakili! Mmoja akakuta sentensi inayosema msichana alifika jua likiwa limeshazama, akasema basi kisima hakiwezi kuwa karibu. Wote wakaisoma tena sura nzima.

Pia, kwa jina la Mungu, msilete pambo lile la kumetameta la ungaunga. Mwaka mzima utalikuta katikati ya kurasa.

Shangazi wa Wengi

Mwalimu shikamoo. Umegusa pale pale nilipotaka kuingia mimi, kwa sababu kazi za mikono zinaweza pia kumficha mtoto.

Nilikuwa na msichana wa miaka 11, mchapakazi kuliko wote. Anawahi kufika, anapanga mikasi, anachonga penseli, anawasaidia wadogo kutunga uzi kwenye sindano. Nilimsifu kwa kila mtu. Ilinichukua karibu miezi mitano kuona jambo moja. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, aya moja moja kuzunguka duara. Kila zamu ilipokuwa imebakiza watu wawili kumfikia, gundi inaisha. Au mkasi umepotea. Au anaomba kwenda kuchota maji. Anarudi zamu imeshapita, anakaa, anatabasamu.

Siku nilipogundua nilihesabu. Alikuwa hajasoma kwa sauti hata mara moja tangu ajiunge.

Sikumwambia kitu mbele ya wenzake. Nilimwomba awahi dakika ishirini anisaidie kupanga meza, jambo ambalo angefanya hata nisipomwomba. Tukiwa wawili nikafungua kitabu, nikasoma aya, nikamwuliza kama angependa kujaribu inayofuata. Akanyamaza. Halafu akaniambia, huku anakunja karatasi, kwamba herufi anazijua zote lakini maneno marefu yanamkimbia, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Alilisema kama mtu anayeungama kosa.

Nikabadilisha mambo matatu. Zamu ya duara niliifuta siku hiyo hiyo na sijairudisha. Sasa nasoma mimi wakiwa wanashona au wanachora, anayetaka kupokea ananyoosha mkono, na anayetaka kujiandaa nampa aya yake wiki moja kabla aende nayo nyumbani. La pili, naleta vitabu vya uzito tofauti. Kupima ni rahisi: fungua ukurasa wowote wa katikati, nyoosha kidole kwa kila neno lisiloeleweka. Vidole vitano vikitimia kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni kizito kwa kukisoma peke yake, ila mkubwa anaweza kumsomea. La tatu nilizungumza na mama yake kwa upole, tukaanza na kupima macho, kisha mwalimu wake wa shule akaingia.

Bado anasoma polepole. Lakini mwezi uliopita alinyoosha mkono, akasoma mistari minne, kidole kikiwa chini ya kila neno, na wenzake hawakuacha kushona. Hakuna aliyemtazama. Ndicho alichokuwa anahitaji.

Baba wa Mabinti

Shangazi, umeniliza. Langu ni fupi. Mke wangu alianzisha klabu, alipopata kazi ya mbali nikaendelea nayo. Kwa wanaume wenzangu mnaofikiria: siku zote tunakuwa watu wazima wawili, mmoja mwanamke, mlango wazi. Kila mzazi ametia sahihi na ametaja nani anamchukua mtoto. Picha za watoto hazisambazwi. Tukitaka kuonyesha kazi tunapiga picha ya mikono na karatasi tu. Wazazi wakiona utaratibu huu wanakuwa na amani, na wewe pia.

Dada Nukta

Mimi nina msichana mwenye uoni hafifu sana. Mwanzoni kazi zangu zote zilikuwa za rangi na michoro na yeye alikaa ameshika kibegi chake. Nilijisikia vibaya mno.

Shuleni kwake amejifunza kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka yanayosomwa kwa vidole. Basi tukasoma habari za Louis Braille, yule kijana wa Ufaransa aliyekuwa kipofu, ambaye mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa tayari ameuunda mfumo huo. Wasichana walikaa sana juu ya ule umri. Miaka 15! Halafu nikagawa karatasi ngumu, kipande cha kitambaa kinene cha kuwekea chini, na msumari mdogo usio na ncha kali.

Kila herufi ina nafasi sita za nukta, safu mbili za nukta tatu. Ugumu ni kwamba ukitoboa kwa mkono, nukta inatokeza upande wa pili, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza. Wenzake walisahau kugeuza. Akapita na kidole chake kwenye kadi moja, akacheka, akasema, "Hii umeandika i, ulitaka e." Na ni kweli, e ikigeuzwa inakuwa i, d inakuwa f. Saa nzima yeye ndiye alikuwa mwalimu, anazunguka, anapapasa, anasahihisha. Kibegi kilibaki kwenye kiti.

Tangu hapo kila ninapopanga kazi najiuliza kwanza yeye ataifanya vipi.

Mleta mada

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Mama Pacha, karatasi ya mzazi nimeiandika jana usiku. Mimi pia sikuwahi kuuliza. Mwalimu, ramani naichukua kama ilivyo, kitabu chetu cha sasa kina mto na madaraja mawili na nina uhakika watagombana.

Shangazi, maneno yako yamenikalisha. Ninaye mmoja ambaye kila tukikaribia zamu yake huinuka kuosha brashi. Nilikuwa nasema ana moyo wa kusaidia. Jumamosi hii sitazungusha zamu, na nimeshamwomba awahi kidogo tupange meza.